Jirani wa Marehemu

Tangazo lilikuja baada ya taarifa ya habari ya saa saba mchana, likiwa la nne kusomwa. Kabla yake walikuwa wamekufa mwalimu mstaafu wa Singida, mama mmoja wa Kilosa na mzee wa kanisa wa Mbozi, na pale uwanjani kwa Rénovat hakuna aliyeacha kazi yake. Libérate alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage ya Jeannine, mke wa Rénovat. Jeannine alikuwa na redio, Libérate hana, na kwa miaka mingi sasa alikuwa akiulipia usikilizaji huo kwa vidole vyake.

"Telesphor Masele wa Mpanda anasikitika kutangaza kifo cha mwanamuziki Simon Lyamba wa bendi ya Kivumbi Jazz, kilichotokea jana mjini Mpanda baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mazishi yatafanyika kesho Jumatano huko Kawajense. Habari ziwafikie mama mzazi wa marehemu, Bi Immaculata Lyamba wa Usevya, mke wa marehemu, Bi Hilaria, pamoja na ndugu, jamaa na marafiki wote popote pale walipo."

"Yule wa Siku Saba!" Jeannine alipiga paja lake. "Jamani, yule wa Siku Saba kafa! Rénovat, umesikia?"

Rénovat akatoa kichwa dirishani. "Nani?"

"Simon Lyamba. Tulicheza wimbo wake kwenye harusi ya Leonidas mpaka nikavunja kiatu."

"Kijana yule alikuwa na sauti," Rénovat alisema, akarudisha kichwa ndani.

Libérate aliendelea kuchambua. Alitupa maharage mazima, akaweka mabovu kwenye ungo, na ilichukua muda mrefu kabla hajaona anachofanya. Mtoto wake wa pekee, Nestori, aliyemshika mkono kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa na miaka minane na bila kiatu, alikuwa amesomwa redioni kwa jina la mtu mwingine na kupewa mama mwingine. Jina alilijua. Mama huyo hakumjua. Hilo ndilo lililotangulia kumuuma, hata kabla ya kifo chenyewe.

Nestori alitoka makazi ya wakimbizi ya Katumba mwaka themanini na mbili na kibali cha siku saba cha kwenda Mpanda kuuza maharage. Hakurudi. Baada ya mwaka alikuja siku ya gulio, kofia imemfunika mpaka machoni, akamweleza mama yake kwamba sasa anaitwa Simon, ni Mpimbwe wa Usevya, anapiga gitaa, na ana mke mjamzito. "Usimwambie mtu, mama," alisema. "Ukiulizwa, niko Tabora, nafanya kazi reli." Tangu hapo Libérate alimweka mwanawe reli ya Tabora, akampandisha cheo mara mbili kadiri miaka ilivyokwenda, na kila wimbo wake ulipopigwa redioni alikunja uso kidogo na kusema muziki wa siku hizi una kelele.

"Mbona unanyamaza hivyo?" Jeannine alimuuliza.

"Macho," alisema Libérate. "Vumbi la maharage."

*

Karani wa vibali alikuwa kijana mwenye adabu, na adabu yake ilichukua muda mrefu kuliko ukali wa mwenzake aliyemtangulia. Alimpa Libérate kiti. Akachonga penseli. Akauliza jina, namba ya kaya, kijiji na mahali anapokwenda.

"Mpanda."

"Sababu ya safari?"

"Msiba."

"Pole sana, mama. Msiba wa nani?"

Libérate alikuwa amelipanga jibu tangu usiku, na bado lilimshinda. Katika daftari la karani yule, mwanawe alikuwa bado hai, mtoro kwa mwaka wa kumi na sita sasa. Akisema "mwanangu", karani atauliza yupi, na kalamu itaanza kufukua. Tangu mwaka jana watu wasio na vibali walikuwa wakitafutwa, na kila aliyetoka makazi aliulizwa mara mbili.

"Wa jirani," alisema. "Jirani wa zamani."

"Jirani wa zamani," karani alirudia akiandika. "Sasa mama, jirani ni siku mbili. Ingekuwa mtoto au mume ningekupa wiki nzima."

"Tulikuwa majirani wa karibu."

Kijana akamtazama, akafikiri, akaandika tatu. Aliona amemfanyia wema, na kweli alikuwa amemfanyia.

*

Alifika Kawajense Alhamisi asubuhi, juu ya lori la mahindi, siku moja baada ya mazishi. Nyumba haikuhitaji kuulizwa. Wanaume walikaa kwenye mabenchi chini ya turubai, na wanawake wamejaa sebuleni hadi barazani. Libérate alikuwa amebeba kilo nne za maharage ndani ya kitenge, maana huendi msibani mikono mitupu.

Sebuleni, kwenye mkeka ulio ukutani, mahali pa mama wa marehemu, alikaa bibi mmoja mwembamba wa Kipimbwe, rozari shingoni, miguu ameinyoosha. Kila mwanamke aliyeingia alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili, akalia kidogo na kusema, "Pole mama. Pole kwa uchungu wa mwana." Bibi aliitikia, "Nimeshapoa." Libérate alisimama kwenye foleni. Zamu yake ilipofika naye alipiga magoti, akamshika mikono, na maneno yakamtoka sawasawa na wenzake.

"Pole mama. Pole kwa uchungu wa mwana."

Bibi Immaculata hakuiachia ile mikono. Alimtazama kipaji cha uso, masikio, na pengo dogo kati ya meno ya mbele. "Umetoka wapi, mwenzangu?" aliuliza polepole.

"Katumba. Mimi ni jirani wa zamani."

"Mama Faith!" Immaculata aliita, bila kupaza sauti. "Njoo umpokee huyu mgeni mzigo."

Hilaria alitoka chumbani na kanga nyeusi kifuani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, wa kutembea kama mtu anayechelewa. Mtazamo mmoja ulimtosha. Meno yale alikuwa ameyaona kwenye mto wake kwa miaka kumi na tano. Akachukua maharage, akamshika mgeni kiwiko, akampeleka jikoni uani, akawaambia wanawake waliokuwa wanapika ugali waende wakapumzike kidogo.

"Nani kakuambia uje?"

"Redio."

"Redio haikukutaja."

"Ndiyo. Nilisikia haikunitaja."

Hilaria akafunga macho. "Mama, shikamoo kwanza. Nimekosa adabu. Ila naomba unisikilize kabla watu hawajarudi. Una karatasi?"

Libérate akampa kibali. Hilaria alikisoma chote mpaka kwenye muhuri, na alipofika kwenye neno "jirani" mabega yake yakashuka.

"Basi iwe hivyo hivyo," alisema. "Hapa wewe ni jirani."

"Nimezaa mtoto mmoja tu, mwanangu."

"Najua. Alinieleza. Alikuwa akikutaja akiwa na homa, hata siku ya mwisho. Lakini Faith kachaguliwa sekondari, fomu iko humo ndani, inauliza uraia wa baba na mahali alipozaliwa. Mimi nimeandika Usevya. Kiwanja hiki kimeandikwa Simon Lyamba wa Usevya. Hawa wote unaowaona wanalia hapa, kesho mmoja akipata neno 'mkimbizi' mdomoni, sijui atalipeleka wapi. Unajua nyie mlivyo na mambo yenu na vibali. Sisi hatujui hata tuanzie wapi."

Libérate aliyasikia maneno "nyie" na "sisi" yakipita, akayaacha yapite. "Sitaki kiwanja," alisema. "Nataka nimlilie mwanangu."

"Lia. Nani kakukataza? Majirani wote wanalia."

Hilaria hakuwa mwanamke mbaya, na hili ni vizuri liandikwe. Alikuwa hajalala siku tano. Alitoka jikoni, akarudi na kikombe cha chai na kipande cha muhogo, akaviweka mbele ya mkwe wake.

Nyuma yake akaja binti wa miaka kumi na minne na jagi la maji. "Shikamoo bibi," alisema, kama anavyomwamkia kila bibi wa mtaa ule.

"Marahaba," alisema Libérate. Akanawa taratibu mno, ili jagi lisiondoke haraka.

*

Mchana bendi ilikuja. Kivumbi Jazz walikuwa wamebaki watano, na walivaa yale mashati yao ya mikono mirefu yenye kola za njano. Kiti cha sita walikiweka katikati, kitupu, wakaegemeza gitaa. Mpanda haikuwa na wanamuziki wengi wa kuwakumbuka, kwa hiyo ilimkumbuka huyu kwa nguvu zake zote. Alikuja mzee wa reli, walikuja wauza samaki wa sokoni, alikuja hata mwenye baa aliyemfukuza mara tatu na kumrudisha mara nne.

Telesphor, kiongozi wa bendi, alisimama kutoa kumbukumbu. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuzoea vipaza sauti, na kukosekana kwa kipaza sauti siku ile hakukumpunguzia kitu.

"Simon alikuja kwetu hana hata kandambili," alianza. "Nikamuuliza, unaweza kupiga? Akasema, nikipewa nitapiga. Nikampa. Akapiga vibaya!"

Watu wakacheka, na wengine wakafuta machozi humo humo.

"Akapiga vibaya mwezi mzima. Mwezi wa pili akaja na wimbo. Nikamwambia, Simon, huu umeutoa wapi? Akasema, kuna msichana huko Usevya nilimuaga siku saba nikaenda zangu, na sijarudi kwake mpaka leo. Nikamwambia wewe ni mwongo mkubwa, lakini wimbo ni mtamu!" Akamgeukia Immaculata. "Mama yetu, mama uliyetuzalia msanii, hebu simama watu wakuone. Na utuambie ukweli, huyo msichana alikuwa binti ya nani?"

Kicheko kikapanda. Immaculata akasimama kwa kushikilia ukuta. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mambo ya vijana yeye hakuyafuatilia, na watu wakapiga makofi. Mwenye baa akamvisha begani doti ya kanga mpya, na wanawake wakamwimbia.

Libérate alikuwa amekaa mlangoni, kati ya mwanamke muuza dagaa na mwanamke aliyekuwa ananyonyesha. Alimjua msichana wa siku saba. Msichana huyo alikuwa na miaka arobaini na moja mwaka ule wa themanini na mbili, na alimfungia mwanawe magunia mawili ya maharage na mihogo ya kuchemsha ya kula njiani. Alikwenda kwenye njia panda siku ya saba, na ya nane, na ya tisa. Hasira ilimpanda, na haikuwa ya Telesphor wala ya yule bibi aliyevishwa kanga. Alimkasirikia Nestori, aliyeweza kuwaimbia watu wote jambo hilo wakalicheza, akamwachia yeye peke yake kulinyamazia.

Wakaupiga. Bila sauti yake ulikuwa mwembamba, lakini uwanja mzima uliujua na uwanja mzima ukaimba: *nilikuaga siku saba, nazihesabu, hazijaisha.*

"Ulimfahamu vizuri marehemu?" muuza dagaa alimuuliza Libérate, akimwona anavyofuta machozi.

"Tulikuwa majirani."

"Basi ulikuwa jirani mwema. Hata dada zangu hawatanililia hivyo."

*

Ijumaa asubuhi ilikuwa siku ya kuanua tanga na kunyoa. Desturi hiyo Wapimbwe wanayo na Warundi wanayo, wakitofautiana katika mambo madogo tu. Ndugu wa damu hunyolewa nywele mbele ya watu, mama akitangulia, na zikishazikwa nywele hizo msiba unakuwa umefungwa. Anayejinyoa mwenyewe chumbani hajaomboleza mtu yeyote, ana chawa tu. Libérate alikuwa na nywele nyingi kwa umri wake, zimesukwa mistari minne, na tangu lori lilipoanza kuondoka Katumba alikuwa anazifikiria. Alikuwa amekosa jeneza, amekosa udongo wa kutupia kaburini. Wembe ulikuwa umebaki.

Beseni likawekwa uani. Mwanamke wa ukoo wa Hilaria aliyetakiwa kunyoa alikuwa na mkono uliovimba, na Immaculata akainua kidole akimwonyesha Libérate.

"Aninyoe huyu mgeni. Ana mkono mwepesi."

Wanawake wengine wakarudi nyuma kidogo, kama inavyotakiwa mama wa marehemu anaponyolewa, na hao wawili wakabaki na beseni. Nywele za Immaculata zilikuwa nyeupe na fupi. Libérate akazilowesha, akaanza nyuma ya sikio.

"Taratibu mwenzangu," Immaculata alisema chini chini. "Nina jambo. Mimi Simon wangu nilimzika mwaka sabini na moja. Surua. Alikuwa na miaka saba. Cheti chake cha ubatizo nikakiweka kwenye sanduku, sikuwa na moyo wa kukichoma. Basi huyu kijana akaja kunilimia shamba la mpunga, analala kwangu, ananiita mama, hana karatasi hata ya kufungia chumvi. Padri hawezi kumuozesha bila cheti. Nikampa kile."

Wembe ulisimama.

"Endelea kunyoa, watu wanaona. Sikumuiba. Nilijua ana mama. Kila mwaka nilimwambia, mlete mama yako hata kwa jina la shangazi. Akasema mwakani, mwakani."

"Ulimpikia?" Libérate aliuliza.

"Nilimpikia. Alikuwa hali bamia."

"Hata utotoni alikuwa hali."

Libérate akanyoa utosi, akapangusa povu kwa ukucha wa kidole gumba. Alikuwa amekuja na nia ya kumchukia bibi huyu, na sasa alikuwa ameshika kichwa chake na hakuona pa kuianzishia chuki hiyo.

"Kule kwenu wanakuitaje?" Immaculata aliuliza.

"Mama Nestori."

"Nestori," bibi alilijaribu jina. "Hilo hakuniambia."

Hilaria alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale na taulo mkononi. Alisikia. Immaculata alipopanguswa kichwa, akainuka, akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya mtu anayegawa kazi, "Sasa akae huyu. Anyolewe naye."

Muuza dagaa akageuza shingo. Mwanamke wa ukoo, yule mwenye mkono uliovimba, akacheka kwa mshangao. "Bibi kachanganyikiwa na msiba. Jirani ananyolewa?"

"Mama Faith," Immaculata alisema. "Sema wewe."

Libérate alikuwa ameshakaa kwenye kigoda. Hakukumbuka alivyokaa. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa magotini, mistari minne ya nywele wazi juani, na alikuwa anamtazama mkwe wake kama mtu anayengojea kupewa maji. Hilaria akawatazama wanawake, akamtazama Faith aliyekuwa akifagia karibu na ukuta, akalikunja taulo mara mbili.

"Jirani hanyolewi," alisema. "Tunakushukuru sana mama kwa kazi. Vaa kitambaa chako, jua kali."

Libérate akavaa. Vidole vilikataa kufunga fundo, na muuza dagaa ndiye aliyemfungia.

Alipokuwa anaondoka, Hilaria alimsindikiza hadi barabarani. Alimpa sukari kilo moja na pea ya soksi za marehemu, nyeusi, zilizofuliwa. Hazikuwa soksi za kumtambulisha mtu.

"Na huko kwenu usinyolewe, nakuomba," alisema, bila kumtazama. "Watauliza kafa nani. Halafu watakumbuka ulikwenda msibani Mpanda. Halafu watakumbuka na redio. Haifiki wiki, karani ameshajua."

"Nitakaa na nywele za mwanangu mpaka lini?"

"Sijui, mama. Mimi sijui chochote."

"Wewe unaandika sana," alisema Libérate. Alikuwa ameona dirishani rundo la kadi za salamu, zile ambazo watu wa Mpanda walizijaza majina ya marafiki na kuzituma redioni kila wiki. "Nestori alisema mke wake huandika salamu kwa watu ambao hata hawajui. Ukipata nafasi ya kuniandikia neno, niandikie."

Lori likapiga honi.

*

"Jirani wako alizikwa vizuri?" Jeannine aliuliza.

"Vizuri. Watu walikuwa wengi."

"Mlikula nini?"

"Ugali na maharage."

Basi. Siku zikaenda. Libérate alipalilia, alichota maji, alihudhuria ibada, na aliendelea kuchambua maharage ya Jeannine. Alipoulizwa habari za Nestori, alisema yuko reli, siku hizi ana kazi nyingi. Kila aliposema hivyo mistari minne ya nywele ilimwasha chini ya kitambaa. Alipunguza kula, na wenzake wakasema ni minyoo. Miezi miwili ikapita, kisha mitatu, na nywele zikawa zimefumuka na kuota mpya chini yake, kwa kuwa hakuruhusu mtu azisuke.

Jumamosi moja saa kumi jioni kipindi cha salamu kilikuwa hewani, na Jeannine alikuwa ameipiga redio makofi mawili ili betri zijitahidi. Mtangazaji alisoma kadi ya Mpwapwa, kadi ya Urambo, kisha akakohoa kidogo.

"Kadi hii imetoka kwa Hilaria Lyamba, Kawajense, Mpanda. Anasema anamkumbuka mume wake, mwanamuziki marehemu Simon Lyamba wa Kivumbi Jazz, na anaomba apigiwe wimbo wa Siku Saba. Salamu zimfikie Bibi Immaculata wa Usevya, Telesphor Masele na bendi nzima, Faith Lyamba anayeanza sekondari mwezi wa kwanza, na wa mwisho ni Mama Nestori, popote alipo. Ujumbe wake anasema..." Mtangazaji akasita. "Ujumbe wake anasema: 'Nilikosea kuhusu wembe.' Haya. Mwenye ujumbe wake bila shaka ameelewa."

Gitaa likaanza, lile la mwanzo kabisa, alilolipiga Nestori mwenyewe.

"Mama Nestori!" Jeannine alicheka. "Umesikia, una mwenzako Mpanda. Na huyo wa wembe ndio vituko gani?"

Libérate aliweka ungo chini. Hakuumwaga, na maharage mabovu yalikuwa upande wake na mazima upande wake. Akafungua fundo la kitambaa, akakivua, akakikunja na kukiweka juu ya goti.

"Jeannine," alisema. "Una wembe ndani?"

"Wa nini?"

"Ninyoe. Nestori amekufa."

"Nestori wa reli? Lini? Nani kakuletea habari?"

Libérate alikuwa analia sasa, waziwazi, kwa sauti, kama anavyolia mama, na wimbo ulikuwa unaendelea juu ya kilio hicho. Jeannine akamtazama. Akaitazama redio. Akamtazama tena, na zile nywele zisizosukwa miezi mitatu, kisha akanyanyuka haraka akaenda kumwita Rénovat na majirani wawili waje washuhudie, maana mama wa marehemu hanyolewi bila watu. Walipokuja hakuwaambia kitu zaidi ya jina la aliyekufa.

Wembe ulikuwa butu kidogo. Jeannine alianzia nyuma ya sikio, akienda taratibu, na wimbo uliisha akiwa bado hajafika utosini.